HABARI YA VIWANJA VYA MICHEZO NA FEDHA ZA UMMA
Tangu Mabaraza ya Wenyeji mpaka Serikali ya Kaunti

Waheshimiwa Wazee na Ndugu Wanachama,

Kamati imeagiza kwamba katika kijitabu cha taarifa ya mwaka huu, baada ya hesabu za fedha na orodha ya michango, yawekwe maelezo ya historia juu ya jambo linaloulizwa mara kwa mara katika mikutano yetu, yaani: ni nani mwenye wajibu wa kulipia kiwanja cha michezo cha vijana wa Bangale? Wengine husema ni kazi ya Serikali Kuu. Wengine husema ni kazi ya Kaunti. Wengine humtaja Mbunge. Na wako wazee wasemao kwamba si kazi ya yeyote, maana mpira haumnyweshi ng'ombe maji. Kila moja ya kauli hizi ina asili yake katika historia ya nchi yetu, na mtu asiyeijua asili hiyo huweza kubisha miaka mingi kwenye mlango usio wake.

Bangale ni wadi mojawapo ya wadi tano za eneo la uteuzi la Bura, katika Kaunti ya Tana River. Kituo chetu kiko kando ya barabara kuu itokayo Thika na Mwingi kwenda Garissa. Tunakaa hapa Waorma, Wawardei, Wasomali, Wamunyoyaya, na wafanya biashara waliotoka Ukambani na kwingineko. Mwenye haja na ofisi za Kaunti huko Hola, akifuata njia kuu, hana budi kwenda kwanza Madogo, kisha kugeuka kusini kuufuata mto. Umbali huo si jambo jipya. Katika miaka mingi ya ukoloni makao ya Bwana D.C. wa Tana River yalikuwa Kipini, pale mto unapoingia baharini, na sisi wa nyika ya kaskazini tulikuwa watu wa mwisho kufikiwa na habari, na wa mwisho kufikiwa na fedha.

I. FEDHA ZA KWANZA

Mwaka 1901 Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilikwenda katika hazina ya Serikali, na mlipaji hakuulizwa itumiweje. Ndipo ikaja sheria ya 1924 iliyoanzisha Mabaraza ya Wenyeji. Mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza kodi ndogo ya mahali, juu ya ile ya Serikali, na kuitumia kwa faida ya wilaya. Mwenyekiti alikuwa Bwana D.C., wala shilingi haikutoka bila kibali chake. Hata hivyo, huu ndio mwanzo wa fedha za umma kukusanywa na kutumiwa mahali pamoja.

Fedha za Mabaraza zilikwenda katika shule, zahanati, barabara na madaraja. Michezo haikuhesabiwa kuwa kazi ya Baraza. Ilikuwa jambo la sikukuu: watoto wa shule walikusanywa, wakapiga mbio na kuvuta kamba mbele ya wakubwa, wakapewa zawadi ndogo ndogo, na siku ya pili uwanja ukarudia kuwa malisho. Desturi hiyo ya kuiona michezo kama pambo la siku kuu haikufa pamoja na ukoloni, kama tutakavyoona.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1920 Halmashauri ya Mji wa Nairobi ilijitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe huko Pumwani. Faida ya pombe hiyo iliwekwa katika mfuko wa mambo ya Waafrika, na kutoka mfuko huo zikalipiwa huduma za mitaa yao, pamoja na majumba ya starehe na viwanja vya kuchezea. Vilabu vya Wazungu na vya Wahindi vilikuwa na viwanja vyao. Mwafrika alipata kiwanja kwa kadiri ya pombe aliyokunywa jirani yake. Wazee wetu, ambao dini yao yakataza kileo, watauona mara moja ubaya wa mpango huo; lakini liko na jambo la hesabu la kuangaliwa. Michezo ya Waafrika haikupewa fungu katika mapato ya kawaida ya mji. Ilipewa fedha za pembeni, zinazopanda na kushuka, na kitu kinacholipiwa kwa fedha za pembeni hukatwa mbele ya vingine vyote.

Mashindano nayo yalitegemea hisani. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, na ambalo baadaye liliingiwa na Tanganyika na Zanzibar, lilichukua jina la kampuni ya sabuni iliyolitoa.

II. BAADA YA VITA

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, askari Waafrika walirudi kutoka Burma na Abisinia wakiwa wameona mengi. Serikali ilianza kusema habari ya ustawi wa jamii. Katika Jeanes School, Kabete, walifundishwa watu wa kazi hiyo, na katika wilaya kadha wa kadha zikajengwa nyumba za mikutano zenye redio, magazeti na kiwanja mbele yake. Mwaka 1950 sheria mpya iliyageuza Mabaraza ya Wenyeji kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yenye uwezo zaidi wa kukisia mapato na matumizi yake. Mwaka 1951 chama cha riadha cha Kenya kikaanzishwa, na mashindano yakapangwa kwa ngazi: lokesheni, wilaya, jimbo, kisha nchi nzima.

Matunda yake yanajulikana. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikwenda Vancouver katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1956 Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut alileta kutoka Tokyo nishani ya kwanza ya Olimpiki, na mwaka 1968 huko Mexico Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott wakashinda dhahabu.

Lakini na tuulize: watu hawa walilelewa na fedha ya nani? Kiprugut na Temu walikuwa askari jeshi, na Keino alikuwa polisi. Fedha ya umma iliyowakuza ilipita katika Jeshi na Polisi, na kabla ya hapo katika viwanja vya shule. Basi wilaya yenye shule nyingi na karibu na kambi za Serikali ilipata njia. Wilaya ya wafugaji, yenye shule chache zilizo mbali mbali, ilikosa njia hiyo, hata kama watoto wake waliweza kukimbia kutwa nyuma ya mifugo. Hili ni jambo la kukumbukwa na kila asemaye kwamba vijana wa Tana River hawana kipaji. Kipaji hakikupatiwa ngazi ya kupandia.

III. UHURU NA MABARAZA YA KAUNTI

Mwaka wa Uhuru, 1963, kanuni mpya za serikali za mitaa ziliweka Mabaraza ya Kaunti, na letu likawa Baraza la Kaunti ya Tana River. Madiwani walichaguliwa na watu. Baraza lilipewa kazi kubwa: shule za msingi, afya na barabara ndogo. Mapato yake makubwa yalikuwa ile kodi ya kila mtu iliyopandishwa kwa kadiri ya kipato, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake tatu, G.P.T. Mabaraza mengi yalishindwa kuikusanya yote, na walimu wakakaa miezi bila mshahara.

Ndipo Serikali Kuu ikachukua hatua kubwa. Kwa sheria ya 1969, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1970, shule za msingi, afya na barabara ziliondolewa mikononi mwa Mabaraza ya Kaunti, pamoja na ile kodi. Mwisho wa 1973 kodi yenyewe ikafutwa. Miji mikubwa iliachiwa kazi zake. Mabaraza ya mashambani na ya nyika yakabaki na ushuru wa soko, leseni za maduka, na ushuru wa mifugo.

Kwa baraza kama letu, maana yake ilikuwa kwamba mapato yalitegemea ng'ombe na mbuzi wanaouzwa sokoni. Mvua ilipokosekana, mifugo ilikufa, soko likalala, na Baraza likabaki halina hata mishahara ya makarani wake. Katika hali hiyo diwani wa kusimama na kuomba fedha za magoli angechekwa. Basi kwa muda wa miaka karibu 30 sheria iliyaruhusu mabaraza kuweka viwanja vya starehe na michezo, lakini mfuko haukuruhusu.

Wakati huo huo Serikali Kuu ilijenga viwanja vikubwa mjini Nairobi. Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa 1983. Ule wa Kasarani, wenye nafasi ya watu kama 60,000, ulijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Hivyo ni viwanja vya fahari ya taifa, wala hatuvisemi vibaya. Lakini ile desturi ya siku kuu imeonekana tena: fedha nyingi hutoka wageni wanapokuja, na wageni hawaji Bangale.

IV. MFUKO WA MABARAZA NA MFUKO WA MBUNGE

Sheria ya 1998, iliyoanza kazi 1999, iliweka mfuko wa kuyapelekea mabaraza sehemu ya asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima. Toka 2001 kila baraza lilitakiwa kuwaita wananchi waseme miradi waitakayo kabla ya kupata sehemu ya fedha hizo. Ni hapo mwananchi wa kawaida alipoanza kuulizwa. Mahali pengi aliulizwa kwa haraka, na majibu yakaandikwa na wachache.

Mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria ya mfuko wa maendeleo wa maeneo ya uteuzi, ambao watu wanauita kwa urahisi mfuko wa Mbunge. Ulipewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali. Sheria hiyo ilisema wazi kwamba shughuli za michezo zaweza kuhesabiwa kuwa mradi, mradi tu zisipite asilimia 2 ya fungu la eneo, wala fedha taslimu zisitolewe kuwa zawadi. Hapo ndipo wengi wetu tulipozoea kumwendea Mbunge kwa mipira, jezi na makombe.

Tusilaumu, maana wako vijana waliofurahi kwa jezi hizo. Lakini tupime. Jezi huchakaa kwa mwaka mmoja, na kombe huwekwa kabatini. Mashindano yenye jina la mtu huja karibu na uchaguzi na kutoweka baada yake. Kiwanja hukaa. Tena mfuko huo umekuwa na mashaka ya kisheria: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria yake ya 2013 inapingana na Katiba, na mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka vivyo hivyo juu ya sheria ya 2015 iliyoifuata. Mwenye busara hajengi nyumba yake yote juu ya nguzo iliyo kesini.

V. KATIBA YA 2010

Katiba ya 2010 ndiyo inayojibu swali letu, na jibu lake ni fupi. Katika Jedwali la Nne, Serikali Kuu imepewa kazi ya kukuza michezo na elimu ya michezo. Kaunti imepewa, pamoja na kazi nyingine, shughuli na viwanja vya michezo na utamaduni. Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka shirika la Serikali Kuu, Sports Kenya, la kutunza viwanja vya taifa. Basi Kasarani ni ya Serikali Kuu; kiwanja cha Bangale ni wajibu wa Kaunti ya Tana River. Mlango ni huo, na uko Hola.

Tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 Kaunti imekuwa ikipokea fungu lake katika mapato ya taifa, ambalo Katiba yasema, kwa kaunti zote pamoja, lisipungue asilimia 15. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 yataka, kwa kipindi cha miaka kadha, asilimia 30 ya makisio ya Kaunti iwe ya maendeleo. Basi fedha ya maendeleo ipo kwa sheria, tofauti na zamani za ushuru wa mifugo. Linalobaki ni kama neno "Bangale" limeandikwa katika karatasi zake au halikuandikwa.

Naomba wanachama wazishike sana tarehe zifuatazo, maana mambo mengi yametupita kwa kutozijua. Kila Kaunti ina mpango wa miaka mitano; huu wa tatu ni wa 2023 hadi 2027, na ufuatao utaanza 2028. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Septemba, hupelekwa katika Bunge la Kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka ujao. Kabla ya tarehe 28 Februari hupelekwa karatasi ya mwelekeo wa fedha, inayogawa mafungu makubwa ya idara. Kabla ya tarehe 30 Aprili hupelekwa makisio yenyewe, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha hufungwa. Mtu aendaye Hola mwezi wa Mei kuomba kiwanja hukuta unga umekwisha kugawanywa. Afadhali aende mwezi wa Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa, kisha afuate neno lake hatua kwa hatua mpaka Juni.

VI. ARDHI KWANZA

Wanachama wengi hudhani kwamba kikwazo ni fedha. Historia ya viwanja katika nchi hii yaonyesha kwamba hatari kubwa zaidi ni ardhi. Tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung'u, iliyowekwa 2003 na kutoa taarifa yake 2004, ilieleza kwa urefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, pamoja na ardhi iliyotengwa kwa shule na kwa starehe ya watu wote. Mwezi Januari 2015, katika shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, wanafunzi waliusukuma ukuta uliojengwa kukata kiwanja chao, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi na polisi. Kiwanja kilirudi kwa shule baada ya nchi nzima kuona aibu. Ikiwa hayo yaliweza kutendeka katikati ya mji mkuu, mbele ya magazeti yote, itakuwaje kwa kipande cha ardhi tupu kando ya barabara kuu, katika kituo kinachokua, ambapo kila mwaka maduka huongezeka?

Ardhi yetu nyingi haina hati. Zamani ilishikwa na Baraza la Kaunti kwa amana ya wenyeji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa inashikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana, nayo haina ruhusa ya kuiuza. Jamii ikisha kuandikishwa, yaweza kutenga sehemu zake kwa makazi, kwa kilimo, kwa mambo ya utamaduni, na kwa kusudi lingine lolote litakaloamuliwa na jamii. Na kuitoa ardhi hiyo kwataka theluthi mbili za wanachama walioandikishwa. Hii ni ngome imara. Lakini ngome hiyo humlinda aliyejiandikisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kiasi kinachotakiwa si kikubwa. Kiwanja cha mpira wa miguu cha mita 105 kwa 68 hakifiki hata ekari 2. Njia ya mbio ya mita 400 ikizungushwa nje yake, yatakiwa karibu ekari 4. Tukiongeza uwanja wa netiboli wa mita 30.5 kwa 15.25, na wa voliboli wa mita 18 kwa 9, pamoja na choo, tangi la maji na miti ya kivuli, ekari 5 zatosha. Katika Kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na watu 315,943 kwa hesabu ya 2019, haiwezekani mtu kusema nafasi haipo. Ugumu wake ni kwamba ekari hizo 5 lazima ziwe karibu na kituo, na karibu na kituo ndipo kila mtu anapopataka.

VII. MIFANO YA NCHI NYINGINE

Jirani zetu wa Tanzania wanatufundisha kwamba jina lililo katika hati ni jambo zito. Wakati wa chama kimoja, viwanja vingi vya mikoani vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi wote. Vyama vingi viliporudishwa 1992, viwanja hivyo, kama Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Majimaji wa Songea, vilibaki mali ya Chama Cha Mapinduzi. Tangu hapo watu wamekuwa wakijadili kama inafaa Serikali itumie fedha za umma kuvitengeneza. Sisi tusifike huko. Kiwanja cha Bangale kikiandikwa kwa jina la Mbunge, au la Diwani, au hata la chama hiki chetu, kitaleta ugomvi siku moja. Kiandikwe kwa jina la umma.

Uingereza nako kuna mfano mwema. Mfalme George wa Tano alipokufa 1936, watu walichanga fedha za kumkumbuka, na badala ya kujenga sanamu peke yake wakaweka mfuko wa kusaidia viwanja vya kuchezea. Mabaraza ya mahali yalitafuta ardhi na kutoa sehemu ya gharama, mfuko ukaongeza, na kila kiwanja kikaandikiwa hati ya amana kwamba kitabaki cha michezo. Vilipatikana viwanja 471. Mfuko wenyewe ulikwisha miaka mingi iliyopita, lakini hati zake zinalinda viwanja hivyo.

Na hapa nyumbani tunao mfano wa kuogofya. Iten, mahali panaposifiwa duniani kote kwa wakimbiaji, palikuwa na kiwanja cha udongo kiitwacho Kamariny. Serikali Kuu iliahidi kukijenga upya kiwe cha kisasa. Cha zamani kikavunjwa, kazi ikaanza, kisha ikasimama kwa miaka, na wakimbiaji wakakosa hata ule udongo waliokuwa nao. Mombasa pia, kiwanja cha manispaa kilibomolewa ili kijengwe kikubwa, na kikakaa miaka bila kumalizika. Tujifunze kuomba kitu kinachoweza kumalizika kwa makisio ya mwaka mmoja, kabla ya kuomba majukwaa ya saruji.

VIII. MAJI NA MPIRA

Sasa nayarudia maneno ya wazee, maana hayafai kupitwa kimya. Wazee wanasema: ukame wa 2020 hadi 2023 umetumalizia mifugo, visima ni vichache, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa husafirishwa mbali, je, ni haki kuomba kiwanja?

Neno hilo ni la kweli, na hakuna kijana mwenye adabu atakayelikana. Maji ni ya kwanza. Lakini tuziangalie fedha zenyewe. Katiba, katika kifungu cha 204, imeweka Mfuko wa Usawazishaji, yaani asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutajwa. Mfuko huo, kwa maneno ya Katiba yenyewe, ni wa maji, barabara, afya na umeme. Michezo haimo. Basi shilingi ya mfuko huo haiwezi kuhamishwa kwenda kiwanjani, wala kiwanja hakiwezi kuipunguza. Vivyo hivyo, fungu la idara ya vijana na michezo huko Hola halichimbi kisima. Likikosa kutumika Bangale, litatumika mahali pengine penye watu walioomba. Kunyamaza kwetu hakujaza birika hata moja.

Zaidi ya hayo, wazee wanajua yaliyotokea katika Delta ya Tana mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, damu ilipomwagika kati ya ndugu waliokaa pamoja miaka mingi kwa ajili ya maji na malisho. Sisemi kwamba mpira ungaliyazuia hayo. Kusema hivyo ni kuwadhihaki waliokufa. Nasema kwamba kijana aliyezoea kumpa mkono wa heri kijana wa kabila lingine kila Ijumaa jioni, na kukubali filimbi ya mwamuzi hata anapoona ameonewa, amejifunza jambo ambalo wazee wenyewe wanalitafuta katika kila baraza la amani. Tena kijana asiye na mahali pa kwenda jioni atakaa barabarani, na barabara kuu haina mafunzo mema.

Na wasichana wasisahauliwe. Kiwanja kilicho wazi kando ya lori na miraa hakitawafaa, wala wazazi hawatawaruhusu. Wakitengewa uwanja wa netiboli ndani ya ua, wenye choo chao na saa zao, na mwalimu mwanamke wa kuwasimamia, heshima ya dini na ya mila itahifadhiwa, nao watapata afya kama ndugu zao. Fedha hizi ni za umma, na nusu ya umma ni wao.

IX. YATUPASAYO

Kwa hiyo, baada ya kuipima historia hii, Kamati inaleta mbele ya mkutano mkuu mambo manne yaamuliwe.

Kwanza, wazee wa pande zote, bila kuacha kabila hata moja, wakutane na kukubaliana juu ya ekari 5 zisizo njia ya mifugo kwenda majini, na mipaka yake ipandwe miti. Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi, kisha yapelekwe kwa Chifu na kwa ofisi ya ardhi.

Pili, kiwanja kiandikwe kwa jina la umma, wala kisipewe jina la mtu aliye hai.

Tatu, ombi liandikwe kabla ya mwezi wa Agosti, likitaja kazi ndogo zinazoweza kumalizika: kung'oa vichaka, kusawazisha udongo, mfereji wa kutoa maji ya mvua, magoli ya chuma, ua, choo na tangi. Nakala ipelekwe kwa Mwakilishi wetu wa Wadi, na nyingine ihifadhiwe katika jalada la chama. Tukutane na kamati za vijana tulitayarishe ombi la mpango unaoanza 2028 mapema, maana kisichoandikwa katika mpango wa miaka mitano ni vigumu kupata fedha ndani yake.

Nne, chama kiweke fungu dogo la kila mwaka kwa matengenezo. Kaunti ikisha kujenga na kuondoka, mvua moja kubwa hufanya mifereji kiwanjani, na magoli yasiyopakwa rangi huliwa na kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fungu hilo lionyeshwe katika hesabu za chama kila mwaka, kama tunavyoonyesha fungu la mazishi na la karo za yatima, ili kila mwanachama aone shilingi yake ilipokwenda.

Babu zetu walilipa kodi ya nyumba bila kuulizwa. Baba zetu walilipa G.P.T., na wakaulizwa kidogo. Sisi tunaulizwa kila mwaka kwa sheria, na aghalabu hatuko katika chumba cha mkutano swali linapotolewa. Kamati imekwisha kutenga nauli ya wajumbe wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, waende Hola siku ya kusikiliza maoni ya wananchi. Majina yao yachaguliwe katika mkutano huu, kabla hatujaondoka.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama.